Msikimbizane na Tarakimu, Mtazameni Mtoto

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliooana juzijuzi na mnaolea watoto wadogo, hapa Muheza, Korogwe, Pangani na kokote ambako mbu wa usiku bado ni mwenyeji. Nimestaafu maabara, lakini masikio hayajastaafu. Nasikia mnayoambiana mtoto anapougua, na kuna moja limenikera kiasi cha kushika kalamu.

Zamani mzazi alitoka hospitali na neno moja tu: mtoto ana malaria. Akapewa dawa, akaondoka. Siku hizi anatoka na karatasi ya FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, iliyojaa tarakimu kutoka juu hadi chini, na kabla hajafika getini ameshaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la ukoo. Humo yumo shangazi aliyewahi kuuza kwenye duka la dawa, yumo mjomba aliyeugua dengi akiwa Dar es Salaam, na yumo kijana wa mwaka wa kwanza chuoni ambaye hakuna asilolijua. Macho ya wote yanatua kwenye mstari mmoja: PLT, 62, na pembeni yake herufi L. Jamani, plateleti zimeshuka! Basi hapo malaria imeshasahaulika. Hakuna anayeuliza tena kama mtoto amekunywa dawa, kama amekojoa, kama ananyonya. Ukoo mzima unatafuta cha kupandisha plateleti.

Malaria ndiyo iliyozishusha, wanangu. Ikitibiwa sawasawa, zitapanda zenyewe. Hilo likikaa vichwani mwenu, mengine yote nitakayosema mtayaelewa bila taabu.

Kwanza muijue hiyo karatasi. Mashine huandika 62 kwa kifupi. Maana yake ni chembe 62,000 katika kila mikrolita moja ya damu, ambayo ni tone dogo kuliko mnavyoweza kulidondosha kwa mkono. Kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000. Kwa hiyo mtoto mwenye 62 hajaishiwa. Anazo chembe elfu sitini na mbili katika kila kitone hicho, na kwa mtoto asiye na tatizo jingine la damu hizo zinatosha kuzuia asitokwe na damu ovyo. Madaktari huanza kukunja uso zikiwa chini ya 50,000, na wasiwasi mkubwa wa damu kutoka yenyewe huja zikiwa zimeshuka mno kuliko hapo. Herufi L inasema tu kwamba tarakimu iko chini ya mstari wa kawaida. Mashine huiweka hata kwa 149.

Plateleti, ambazo vitabu vya shule huziita chembe sahani, hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa na huishi siku nane hadi kumi hivi. Kazi yake mnaijua: ukijikata, hukimbilia pale na kuanza kuziba. Mtoto akipatwa na malaria, hasa hii yetu ya Plasmodium falciparum, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja. Bandama huvimba na kuzizuia nyingi humo ndani. Kinga ya mwili, ikiwa vitani na vimelea, huziharibu nyingine. Nyingine hutumika bure kwa kuwa kuganda kwa damu kumechochewa mahali pasipo na jeraha. Na zipo zinazokwenda kujibandika kwenye chembe nyekundu zenye vimelea. Watafiti wamezikuta zikiviua vimelea humohumo. Kwa hiyo kushuka kwake ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na wala si jambo la ajabu. Sisi tuliokuwa nyuma ya darubini tulishangaa zaidi tulipoona mtoto mwenye vimelea tele kwenye kioo na plateleti zake ziko kamili.

Wenzetu wa Kilifi, ng'ambo ya mpaka, walilipima hili kwa watoto wengi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002. Zaidi ya nusu ya watoto wenye malaria walikuwa na plateleti pungufu. Zilishuka zaidi kwa wenye vimelea vingi na kwa waliolegea wasiweze kukaa, lakini hazikuandamana na kutokwa damu wala kifo. Mwaka huohuo watafiti wa Dakar, Senegali, walisema vingine: kwa watoto waliolazwa kwao, plateleti chache ziliandamana na hatari ya kufa. Nawapa yote mawili makusudi, maana najua mtakutana nayo kwenye simu zenu, mmoja atashika la Kilifi na mwingine la Dakar mpaka mkosane. Nionavyo mimi, tarakimu hii peke yake haihukumu. Ikiwa chini na mtoto anacheka, ananyonya, hana upungufu mkubwa wa damu, endeleeni na dawa. Ikiwa chini sana na mtoto amelegea, viganja vimekuwa vyeupe, anapumua kwa kuvuta, hapo inaungana na mengine kusema kwamba hali ni mbaya, na hiyo hali mngeiona hata bila karatasi.

Sasa nije kwenye mpapai, maana huo ndio ulionifanya niandike.

Dar es Salaam ilipopigwa na homa ya dengi mwaka 2014, na tena 2019, habari za majani ya mpapai zilienea kila mahali: yatwangwe, yakamuliwe, maji yake yanywewe, plateleti zitapanda. Dengi haina dawa ya kuua virusi vyake, na mtu asiye na dawa hushika alichonacho. Sina ugomvi na mtu mzima aliyekunywa maji machungu akiwa kitandani kwake. Lakini mbona mmeyahamishia kwa mtoto wa miaka miwili mwenye malaria, ugonjwa wenye dawa inayojulikana, inayopatikana mpaka zahanati ya kijiji?

Nilimwona mtoto wa jirani. Alikuwa ameandikiwa dawa mseto ya malaria, amekunywa dozi ya kwanza hospitali, karudishwa nyumbani. Jioni bibi yake mzaa baba, kwa mapenzi kabisa, akamlazimisha kikombe cha maji ya mpapai, kijani kibichi, hata harufu yake inakaba. Mtoto akaishia nusu. Saa ya dozi ya pili akapewa vidonge, na muda si mrefu akatapika vyote, vidonge na majani, kwenye kanga ya mama yake. Mama akaona tumbo limechafuka, akasema ampumzishe, dawa atampa asubuhi. Usiku homa ikapanda upya. Angalieni basi hayo majani yalifanya nini: yaliitoa dawa tumboni, yakamfanya mtoto akatae chakula, na mtoto mdogo mwenye malaria asipokula, sukari yake ya damu hushuka haraka, na sukari ikishuka huua upesi kuliko plateleti. Huyu alirudishwa hospitali alfajiri, akalazwa, akapona.

Na mjue hila ya jambo hili. Mtoto akitibiwa malaria, plateleti huanza kupanda ndani ya siku chache, na kwa kawaida wiki moja haiishi kabla hazijarudi au kukaribia kawaida. Sasa ukimpa dawa mseto na maji ya mpapai siku moja, siku ya nne ukapima ukakuta 140, nani atasifiwa? Mpapai. Dawa mseto haina msemaji kwenye kundi la ukoo. Hivyo ndivyo habari zinavyozidi kusambaa, na ninyi mliosoma mnazisambaza kwa mkono wenu.

La pili ni maumivu na homa. Mtoto anaungua, analia kichwa, na mlango wa duka la dawa muhimu uko wazi hata saa tatu usiku. Muuzaji kijana atakupa chochote utakachotaja. Aspirini msimpe mtoto kabisa. Inazizuia plateleti zifanye kazi yake, na kwa watoto wenye homa ina madhara mengine mabaya ya ini na ubongo. Diklofenaki na ibuprofeni nazo huzilegeza plateleti, na kwa mtoto ambaye hata hujajua kama ana malaria au dengi si za kuchezea. Kuna ile sindano ya diklofenaki ya kwenye tako ambayo watu wanaipenda kwa sababu homa inashuka mbio. Mtoto mwenye plateleti chache akichomwa ndani ya msuli, damu inaweza kuvujia humo na kuacha uvimbe unaouma siku nyingi. Homa ni ya parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake, basi. Na wale wanaochanja chale ubavuni kushoto ati wanaitibu bandama, nilidhani wamekwisha. Nasikia bado wapo. Wembe kwenye ngozi ya mtoto ambaye damu yake inachelewa kuganda, jamani!

Dozi muimalize. Dawa mseto ni dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni siku ya pili na ya tatu. Mpeni na kitu chenye mafuta, maziwa au uji uliotiwa karanga au nazi, au anyonye kwanza, kwa kuwa moja ya dawa mbili zilizomo haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Akitapika ndani ya saa moja, rudieni dozi. Akirudia kutapika, mpelekeni hospitali. Najua siku ya pili ataamka anakimbiza kuku uani, nanyi mtaona vidonge vilivyobaki vifungwe kwenye karatasi vimsubiri mdogo wake. Vimelea vilivyobaki mwilini ndivyo vinavyorudi, na plateleti mlizokuwa mkizililia zinarudi chini pamoja navyo.

Haya, mtazame nini kwa mtoto? Je, anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea, haamki vizuri, hawatambui? Anapumua haraka au kwa kuvuta mbavu? Viganja vyake ukivilinganisha na vyako vimepauka? Macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa wa rangi ya kokakola? Moja tu kati ya haya linatosha kumbeba usiku huohuo, hata kama plateleti zake ni 300. Hapa pwani wazee wetu walisema degedege ni dege aliyempitia mtoto juu, na wakaonya kwamba akichomwa sindano atakufa. Walikuwa wakiona watoto waliochelewa wakifia hospitalini, wakailaumu sindano. Nyie hamna udhuru huo. Anayetetemeka kwa degedege mgeuzeni ubavu, msimtie kitu mdomoni. Akiisha kutulia na njia ni ndefu, sukari kijiko kimoja iliyoloweshwa kidogo kwa maji, iwekwe chini ya ulimi, humsaidia njiani. Zahanati ikiwa na artesuneti ya kupitishwa njia ya haja kubwa, mtoto wa chini ya miaka sita atawekewa kabla ya gari kuondoka, na gari liondoke.

Hospitalini atachomwa artesuneti kwenye mshipa. Hili nalisema kwa fahari kidogo, mnisamehe. Utafiti uliotuondoa kwenye kwinini kwa malaria kali ya watoto ulihusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, na wa Muheza na wa Korogwe walikuwemo. Matokeo yalitoka mwaka 2010: waliopewa kwinini walikufa 297, waliopewa artesuneti wakafa 230, na makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Watoto wa mashamba haya ya mkonge na michungwa ndio waliosaidia kuwapa watoto wa bara zima dawa bora. Halafu mdogo wao anapewa majani.

Mnaweza kuniuliza, je, ikitokea damu ikatoka kweli? Hutokea, mara chache. Kwenye ngozi zetu nyeusi vidoa vidogo vyekundu vya damu havionekani upesi, kwa hiyo msitafute kwenye mgongo kwa taa ya kibatari. Mfungueni kinywa mtazame kaakaa, vuteni kope ya chini, tazameni nyayo. Ukikandamiza kwa kitako cha glasi safi na vidoa havififii, hiyo ni damu iliyo chini ya ngozi. Fizi zinazotoka damu, pua isiyokoma, choo cheusi, matapishi yenye damu: hayo yote ni ya kukimbia. Daktari ndiye atakayeamua kama anahitaji kuongezwa kitu. Plateleti za kuongezwa hutenganishwa kutoka kwenye damu iliyochangwa, hutunzwa kwenye joto la kawaida la chumba huku zikitikiswa, na hazikai zaidi ya siku chache. Hospitali nyingi za wilaya hazina. Watoto wengi wa malaria hawazihitaji kamwe. Wanachokihitaji mara nyingi ni damu yenyewe, pale hemoglobini inaposhuka chini ya 5. Kwa hiyo mkitaka ukoo uhangaike, uhangaike kuchangia damu, na kwenye ile karatasi macho yenu yapande mistari michache juu ya PLT, yatafute HGB.

Na nyie vijana mlioingia maabara baada yetu, nanyi mna sehemu yenu, msidhani nawaachia. Najua foleni. Najua mtoto wa miezi minane anavyopiga mateke mshipa usionekane. Lakini damu ya mtoto iliyokamuliwa kidoleni polepole, tone kwa tone, ikaingia kwenye kichupa cha kizibo cha zambarau bila kugeuzwageuzwa taratibu mara nane au kumi, huanza kuganda pale pale. Hamtaona bonge kwa macho. Plateleti zinashikana vikundi, na mashine inayohesabu chembe mojamoja inavipita vikundi hivyo, inatoa 28. Karatasi inatoka na 28, daktari anashituka, mama analia, gari la wagonjwa linaitwa. Nimeona kioo cha mtoto wa namna hiyo: ukingoni mwa damu iliyopakwa, plateleti zimejikusanya kama dagaa ndani ya wavu, nyingi tu, za kutosha kabisa. Ilihitaji dakika tano za darubini. Kioo cha malaria si mmeshakitengeneza? Basi kabla ya kuruhusu tarakimu ya chini namna hiyo itoke chumbani, sogezeni kioo hadi ukingoni mtazame, na mkikuta vikundi, ombeni damu nyingine na muandike kwa nini.

Matabibu vijana nao wasizione plateleti chache wakarukia dengi na kusahau kipimo cha malaria, wala wasione malaria wakasahau kwamba homa nyingine nazo huzishusha. Mtoto mwenye homa huku kwetu apimwe malaria kwanza, siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kikionyesha malaria, tibuni. Lakini msikirudie kipimo hicho wiki ya pili ili kujua kama amepona, maana kinaweza kuendelea kuonyesha ugonjwa kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hapo kioo ndicho kitakachosema kweli. Plateleti zikiwa bado chini wiki mbili baada ya tiba iliyokamilika, au chembe nyeupe zikionekana za ajabu, au mtoto ana matezi na anakonda, hilo sasa ni jambo jingine na linastahili kumpeleka kwa bingwa wa damu. Hapo ndipo tarakimu ile ina haki ya kuwanyima usingizi.

Nimalizie na wazazi wa mtoto aliyelazwa. Siku ya kuruhusiwa kila mtu ana haraka, mafuta ya bodaboda yanahesabiwa, na karatasi inakunjwa bila kusomwa. Ulizeni dawa za kumeza za kumalizia ziko wapi, kwa kuwa baada ya sindano za artesuneti mtoto hupewa dozi nzima ya dawa mseto, si vidonge viwili vya kubahatisha. Ulizeni mrudi lini. Baadhi ya waliochomwa artesuneti chembe zao nyekundu huja kuvunjika baadaye, kuanzia kama wiki moja hivi na hata hadi mwezi, mtoto akapauka upya bila malaria yoyote. Mkiona hivyo, au mkojo ukawa mweusi, mrudisheni, na mkononi muwe na ile karatasi ya kuruhusiwa yenye jina la sindano na tarehe aliyochomwa, maana mtakayemkuta zamu hiyo huenda hakumwona mtoto wenu mara ya kwanza, na bila karatasi hiyo ataanza kutafuta malaria upya.